Mvua Ikinyesha, Mume Wangu Halali

Mwezi huu naomba uniwie radhi. Nilikuahidi mada ya bajeti ya wanandoa, lakini nilipokaa kuandika, mvua ikaanza kupiga bati hapa kwetu Babati, na nikajua kuna jambo nimelikwepa siku nyingi. Leo nasema ya nyumbani kwangu. Mwenyewe kaniruhusu, tena kasoma kila mstari kabla yako.

Jumapili ya Desemba 3, 2023, mume wangu aliamkia Katesh, alikokuwa amelala kwa shughuli zake za biashara ya nafaka. Asubuhi ile tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaingia mjini na kwenye vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Yeye alirudi kesho yake jioni, mzima, hana hata mkwaruzo, suruali imekauka tope mpaka kiunoni. Tulimshukuru Mungu, tukachinja mbuzi, na kwetu sisi mambo yakawa yameisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Baada ya miezi kama mitatu hivi nikaanza kumwona mtu nisiyemjua. Mtoto akiangusha sufuria, anaruka kama kapigwa risasi, halafu anafoka. Malori yakipita barabara kuu usiku, anakaa kitandani wima. Wateja wa Katesh akawaacha, eti hawalipi vizuri. Kitandani ananigeuzia mgongo. Na kila usiku wa mvua anatoka. "Naenda kuangalia stoo isije ikavuja, mama." Stoo gani hiyo inavuja kila wiki?

Dada yangu unayesoma hapa, ungefikiria nini? Mimi nilifikiria hicho hicho. Nyumba ndogo. Nikakagua simu yake, nikanusa mashati, nikamwuliza kijana wa dukani kwa ujanja. Sikupata kitu, na kukosa kitu kukanichoma zaidi. Nikahamia chumba cha watoto. Nilishaanza hata kupiga hesabu ya kodi ya nyumba nikiondoka.

Usiku mmoja wa masika, yapata saa nane, nikasikia mlango. Safari hii nikajitanda khanga nikamfuata nyuma nyuma, nikiwa na maneno yangu yote mdomoni. Sikufika mbali. Alikuwa uani, ndani ya pikapu yetu, injini inanguruma, taa zimezimwa, pua ya gari inaelekea getini. Nikafungua mlango wa abiria. Kwenye kiti kulikuwa na tochi, buti za mvua za watoto wetu wote wawili, sweta zao, na bahasha yenye vyeti vyao vya kuzaliwa.

"Siku ile nilisikia mlio nikadhani ni lori," akaniambia, bila kunitazama. "Nikajigeuza nikaendelea kulala."

Halafu akanyoosha kidole gizani, upande uliko Mlima Kwaraa. "Na huu wetu je?"

Nina shahada ya mawasiliano, jamani. Kazi yangu ni kuwafundisha watu kuzungumza na wapenzi wao. Usiku ule sikuwa na neno hata moja. Niliingia garini, nikakaa naye mpaka mvua ilipokatika.

Hali hii kitaalamu ni msongo unaofuata kiwewe. Wengi tunadhani ni maradhi ya wanajeshi, manake hata madaktari wa akili wa Marekani waliuweka rasmi kwenye mwongozo wao mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam. Lakini unaweza kumpata yeyote aliyekiona kifo kwa karibu: ajali ya basi, mafuriko, ubakaji, hata kipigo cha nyumbani. Kutetemeka na kukosa usingizi siku za mwanzo ni kawaida, na wengi hupona wenyewe. Ukipita mwezi na mtu bado anarudiwa na tukio lile kwenye ndoto au fikra, anakwepa kila kinachomkumbusha, moyo umekufa ganzi na mwili uko macho kama mlinzi wa usiku, hapo anahitaji msaada.

Msaada wenyewe haukuja upesi. Zahanati moja ilimpima malaria, ikampa na dawa za tumbo. Mama mkwe alisema mwanawe karogwa, na papo hapo akasema mwanaume hatetemeki. Mwishowe tukampata mwanasaikolojia. Mama yule hakumlazimisha kusimulia siku ya kwanza. Alimfundisha kwanza kuutuliza mwili kwa pumzi, kisha kidogo kidogo wakaligusa tukio. Wiki ya saba nilimsindikiza mpaka Katesh, tukanywa chai, tukarudi. Chai tu. Njia nzima mkono wake ulikuwa umeloa jasho ndani ya wangu.

Usidhani tiba hii ni ya Wazungu peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia watoto 640 waliofiwa na wazazi, Moshi na Bungoma kule Kenya. Waliowapa tiba ya mazungumzo walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa, wala si madaktari. Tiba ilipokwisha, katika maeneo matatu kati ya manne watoto hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma za kawaida.

Sasa basi, wewe uliye na mwenzi wa namna hii, nikuachie niliyojifunza kwa machozi. Usimwambie "sahau". Angeweza, angeshasahau. Usimchokonoe asimulie, ila ajue upo siku akitaka. Usimguse kwa nyuma akiwa usingizini, mwite jina kwanza. Pombe mkatazeni kwa upole, maana usingizi wake ni wa mkopo. Usimsaidie kukwepa kila kitu, kwani woga ukilishwa hunenepa. Nawe utafute mtu wa kumlilia, usije ukazama naye. Na akianza kusema heri afe, usimwache peke yake hata dakika, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Je, amepona? Nikikujibu ndiyo nitakuwa muongo. Lori likipiga breki bado anashtuka. Lakini tuna makubaliano yetu ya mvua: ikianza ananiamsha, tunakagua nje pamoja mara moja tu, tunafunga mlango, tunachemsha chai. Vyeti vya watoto vimerudi kabatini. Buti bado ziko kwenye pikapu, na nimeziacha huko. Mimi nilisharudi chumbani kwetu.

Juzi ilinyesha mpaka alfajiri. Saa kumi nikashtuka, mkono ukapapasa upande wake. Alikuwepo, macho makavu, anasikiliza bati.

"Ni mvua tu," akasema, kabla sijamwuliza.

Kwa leo niishie hapa. Bajeti tutaizungumza mwezi ujao, Mungu akipenda.