Plafoni ya pikapu si urembo: kazi ifanywe vizuri, na wahamishwa wapewe nafasi

BUNIA – Pikapu za zamani bado zinabeba maisha ya mji huu. Hilux za miaka ya 1980 na Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza kutoka kiwandani mwaka 1984, zinashusha mihogo na makaa sokoni. Njia ya Komanda ikichafuka, zinabeba watu, magodoro na sufuria. Injini inatengenezwa, springi zinaongezwa chuma, lakini kitambaa cha dari ndani ya kabini, ile plafoni, kinaachwa kining'inie mpaka kimguse shofa kichwani. Wenye magari wengi wanasema huo ni urembo tu. Wanakosea.

Sababu ya kwanza ni usalama. Shofa aliyepakia watu nyuma anawaangalia kwa kioo cha ndani, kupitia dirisha la nyuma ya kabini. Plafoni ikishuka, inafunika dirisha hilo. Mtoto akiteleza kwenye kona, shofa hana habari mpaka watu wapige bati kwa mikono.

Sababu ya pili ni afya. Sponji iliyo nyuma ya kitambaa huoza kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ikawa unga wa kahawia unaodondokea watu machoni. Na nani anawekwa ndani ya kabini? Ni mgonjwa, ni mama aliyeshikwa na uchungu, ni mzee asiyeweza kupanda nyuma.

Kosa la kila siku ni kupaka gundi juu ya sponji iliyooza na kukisukuma juu kitambaa kilekile. Gundi inashika ule unga, haishiki dari. Jua likiwaka siku chache, kitambaa kinarudi chini na mwenye gari analipa tena.

Kazi ya kweli haitaki mashine kubwa. Waya wa batri unatolewa kwanza, kwa sababu ya taa ya ndani. Kisha vinatolewa vikinga jua, kioo, taa na mpira wa mlango. Gari lenye ubao mwepesi wa dari, ubao huo unapitishwa mlangoni polepole bila kuukunja, na sponji yote inasuguliwa kwa brosi mpaka ubao ubaki mtupu. Pikapu nyingine za zamani hazina ubao. Zina ngozi ya plastiki iliyoshonewa mikunjo ya kupitishia fito za chuma. Hapo kila fito inaandikwa namba, maana hazilingani, na ngozi ya zamani inafumuliwa iwe kipimo cha kukatia mpya. Ngozi mpya inaachwa juani ilainike, kisha inavutwa kuanzia fito ya katikati.

Bati la juu likiwa wazi, huo ndio wakati wa kutafuta kutu. Kuweka kitambaa kipya chini ya bati linalovuja ni kutupa pesa. Kutu inakwanguliwa, tundu linazibwa, rangi inapakwa na kuachwa ikauke.

Kwa dari ya ubao, kitambaa kipya chenye sponji nyembamba kinakatwa kikubwa kuliko ubao wenyewe. Gundi inayostahimili joto inapakwa pande zote mbili, nusu moja kwanza, na kuachwa dakika chache mpaka inate bila kulowesha kidole. Kitambaa kinalazwa kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, kisha nusu ya pili. Kingo zinakunjwa nyuma, tundu la taa linakatwa mwisho, na ubao unapumzika mpaka kesho yake.

Hapa ndipo wahamishwa wanapoingia. Kupima, kufumua, kukata na kushona ni kazi ya cherehani. Kati ya familia zilizokimbia Djugu na Irumu, mafundi wa cherehani wapo. Waliacha mashine nyumbani, lakini mikono walikuja nayo. Wenye magaraji wanaweza kuwaita leo, bila kungoja mradi wa shirika lolote.

Lakini wawaite kwa haki. Kumlipa mhamishwa nusu ya bei ya fundi wa mji kwa sababu analala chini ya hema ni unyonyaji. Na kumwingiza kijana ndani ya kabini na kopo la gundi, milango imefungwa, ni kucheza na uhai wake. Mvuke wa gundi unalevya, unaumiza mapafu, na unawaka moto kwa cheche moja. Ubao upakwe gundi nje, penye hewa, mbali na jiko na sigara. Anayesugua sponji afunike pua na mdomo.

Wapo watakaosema breki na matairi ni kwanza. Ni kweli, hakuna anayepaswa kununua kitambaa huku breki hazishiki. Lakini breki zikishapona, mwenye pikapu anayelipisha abiria ana deni kwao: dari isiyowamwagia uchafu, na dirisha linaloonyesha walio nyuma. Mikono ya kuifanya kazi hiyo ipo kambini, na siku mbili za malipo ya haki ni unga kwenye sufuria ya watoto.