Uwekevu: Wa Kuzaliwa au wa Kufunzwa?

Wengine husema ya kuwa mwekevu huzaliwa mwekevu, na mpotevu wa mali huzaliwa hivyo. Wengine hujibu, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Mwaka 2015 wataalamu wawili walitangaza uchunguzi wao juu ya mapacha wengi wa nchi ya Uswidi. Waliwalinganisha mapacha waliofanana kabisa kwa urithi na mapacha wasiofanana hivyo. Wakaona ya kuwa kiasi cha theluthi moja ya tofauti za watu katika kuweka akiba yatokana na urithi wa kuzaliwa. Malezi nayo yalionekana katika vijana, lakini nguvu yake ilipungua kadiri walivyozidi kuwa watu wazima.

Basi je, mtoto aliyezaliwa na moyo wa kutumia hana tumaini? Sivyo. Theluthi si yote. Wala aliyelelewa vema asijivune, kwani shamba lililopaliliwa mara moja likaachwa, magugu hulirudia. Kila mtu na ajizoeze mwenyewe kuweka sehemu ya kila apatacho, hata ikiwa ndogo. Haba na haba hujaza kibaba. Na ajazaye ni mwenye kibaba, si babu yake.