Dhahabu Haiwaki, Inang'aa

Mimi ni sonara wa Zanzibar, na nimechoka kuambiwa kwamba sayansi haisemeki kwa Kiswahili. Juzi mpwa wangu anayesoma fizikia alinijia dukani na habari kwamba chembe ndogo mno za dhahabu na fedha hutoa mwanga zikipitishiwa umeme. Akaanza kunieleza, akakwama. "Mjomba, kwa Kiswahili sijui nianzie wapi."

Nikamwambia aanzie hapa mezani. Pete niliyoisugua inang'aa: inaurudisha mwanga wa taa, na taa ikizimwa pete huioni. Dhahabu iliyomo kalibuni, joto likikaribia nyuzi 1,064, inawaka hata gizani, ila kwa kuchomwa, kama waya wa globu za zamani. Kung'aa si kuwaka. Hilo kila mwanafunzi wangu analijua kabla hajashika tupa.

Akacheka, ulimi ukamfunguka. Katika kipande kikubwa, akasema, viwango vya nishati vya elektroni vimesongamana mpaka vimekuwa mteremko; elektroni iliyoshtuliwa na umeme huteleza kidogo kidogo, na nguvu yote huishia kuwa joto. Zikibaki atomi chache tu, mteremko huvunjika ukawa ngazi. Elektroni sasa hushuka kwa kuruka, na mruko mmoja waweza kutoa mwanga: mruko mrefu buluu, mfupi mwekundu. Mwaka 2002 watafiti wa Georgia Tech, Marekani, waliviona vishada vya fedha vya atomi 2 hadi 8 vikitoa mwanga hivyo.

Atomi nane! Kila Alhamisi jioni nafagia vumbi chini ya meza na kulichuja kwa maji, nitafute dhahabu iliyoruka kwenye tupa. Punje ndogo kabisa ninayoweza kuiona ina matrilioni ya atomi.

Basi wanaotunga vitabu vya shule, kabla ya kulalamika kwamba lugha haitoshi, waje wakae nasi siku mbili. Maneno yapo, hayajaulizwa.

Mpwa wangu aliandika maelezo yake nyuma ya karatasi ya kufungia vito. Mwishoni akaweka: chembe "zinang'aa". Nikamfutia, nikaandika "zinawaka".

"Lakini mjomba, hakuna moto."

Nikamwonyesha taa ya LED iliyoning'inia juu yetu. "Na hiyo je, haiwaki?"