Ardhi Wazi Si Ardhi Tupu



Juma hili tunazungumza na wazazi juu ya maneno machache ambayo watoto wetu wanayaacha. Mwulize kijana wa leo aitaje ardhi pana isiyo na miti: atasema "pori", au "mbuga ya wanyama", na hapo atakuwa amemaliza. Ilhali Kiswahili kina neno kwa kila sura ya ardhi hiyo, na kuyapoteza maneno haya kwaweza kuwa mwanzo wa kuipoteza ardhi yenyewe.

Uwanda ni nchi iliyo sawa, jicho linakokwenda bila kuzuiwa. Si lazima uwe chini. Ndiyo maana tuna Nyanda za Juu Kusini. Tambarare ni sifa ya usawa huo, iwe panalimwa au hapalimwi. Mbuga ni nchi ya majani, na katika mikoa ya bara aghalabu ni ile ya udongo mweusi wa mfinyanzi, unaotuamisha maji wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Huko watu hulisha ng'ombe na kulima mpunga. Lakini siku hizi neno hili limehamia kwenye hifadhi za taifa, kama Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951, au Mkomazi iliyo katika ukanda wetu huu. Mtoto akisikia mbuga huona simba na watalii; mchungaji na mkulima hawamo tena katika picha.

Jangwa ni nchi kame isiyootesha kitu. Hata hivyo Jangwani ya Dar es Salaam imo katika bonde la Mto Msimbazi, na mvua kubwa ikinyesha hufurika. Basi jina la mahali lisitutoshe. Tuitazame ardhi yenyewe.

Neno nyika ndilo linalotugusa zaidi sisi wa Mpale. Wasambaa tangu zamani waliigawa nchi mafungu mawili: Shambaai, milimani penye mvua na migomba, na nyika, nchi ya chini yenye joto na ukame. Hawakuitupa nyika hiyo. Wengi walijenga karibu na ukingo wa milima ili walime juu na chini, na mazao ya upande mmoja yakiharibika, ya upande wa pili yawafae. Watu wa pwani nao waliita bara lao nyika, kisha wakawaita wakazi wake Wanyika, kwa dharau. Jamaa hao wa pwani ya Kenya walilikataa jina hilo, na katika miaka ya 1940 jina la Mijikenda likashika nafasi yake. Neno la ardhi lilikuwa limegeuka kuwa tusi kwa watu.

Msomaji atauliza: haya yanatuhusu nini leo? Yanatuhusu sana. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja ya wanakijiji. Sisi tunaoandika mihtasari ya vikao tunajua uzito wa neno moja katika karatasi. Kijiji kinachoandika "eneo tupu" kimejishuhudia chenyewe kwamba hakina haja nalo. Kinachoandika "malisho ya kijiji, hutumika kiangazi" kimeeleza haki yake. Katika wilaya za Handeni na Korogwe, ambako mkulima na mfugaji huutegemea uwanda mmoja, tofauti hiyo yaweza kuepusha ugomvi.

Fiqhi yetu ililiona jambo hili mapema. Ardhi mawati, yaani iliyokufa, ni halali kwa mwenye kuihuisha. Lakini wanazuoni hawakuyahesabu malisho ya kijiji na mahali pake pa kuchanja kuni kuwa mawati, ijapokuwa hapana jengo wala shamba. Nasi tukumbuke kwamba Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, aliwaweka jamaa zake katika bonde lisilo na mimea, kama isemavyo Suratu Ibrahim, aya ya 37. Bonde hilo ndilo Makka.

Kwa hiyo, wazazi, mnapopita na watoto njiani, watajieni: huu ni uwanda, ile ni mbuga, kule ni nyika. Waulizeni mababu na mabibi majina ya Kisambaa na Kizigua ya sehemu hizo, na nani alilisha au kulima wapi, muyaandike. Na mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa kupanga matumizi ya ardhi, hudhurieni, mhakikishe kila uwanda umeandikwa kwa kazi yake.

Allah atuwafikishe. Amin.