Mchezo Uliouzwa Ungali Mbichi



 Juma hili nawaletea habari za safari yangu ya bara. Katika likizo ya mwisho wa mwaka nilikwenda Kitale kumzuru umbu langu aliyeolewa huko, kisha nikafika Bungoma kwa shemeji yake. Niliondoka Pwani kwa nia ya kuunga jamaa. Nikakuta kesi, na kesi yenyewe ilitokana na mchezo wa kompyuta.

Namwomba mzee mwenzangu asiugeuze ukurasa kwa kusema kuwa haya ni mambo ya watoto. Fedha iliyopotea haikuwa ya watoto.

Mume wa umbu langu ana duka la nafaka mjini Kitale. Wana mvulana wa miaka 13 na binti wa miaka 11. Bungoma wako wana wa ami yao, wavulana wawili. Zamani watoto hawa wanne walionana wakati wa likizo tu. Tangu nyumba zote mbili zilipopata intaneti, wamekuwa wakikutana kila Ijumaa jioni baada ya Isha katika mchezo wa watu wanne, kila mmoja akiwa kwao. Ndani ya mchezo huo wanajenga ngome na kuilinda. Mmoja hubeba taa, mmoja hujenga kuta, mmoja huganga waliojeruhiwa, na mmoja hukaa langoni. Anayeanguka hawezi kuinuka mwenyewe. Ni lazima mwenzake arudi amwinue.

Usiku wa kwanza nilikaa nyuma yao nikawatazama, na nasema kwa insafu kwamba nilipendezwa. Nilisikia sauti kutoka Bungoma ikimwonya binti aliye Kitale, na binti akigawa alichokiokota bila kuombwa. Ni watoto wangapi wa siku hizi wanaowajua hivyo wana wa ami zao?

Mchezo huo waliununua kwa fedha za mkono wa Idi, kila mmoja shilingi 1,500, jumla shilingi 6,000. Tangazo la muuzaji lilisema kuwa mchezo una milango kumi na miwili, minne iko tayari na iliyobaki yaja karibuni. Idi ilipita, muhula ukapita, na mwingine ukapita. Milango ikabaki minne ile ile, mpaka watoto wakawa wanajua kila jiwe lilipo. Mlango wa tano haukufunguliwa. Kilichofunguliwa ni duka ndani ya mchezo, la kuuza ngao, mavazi na makasha yaliyofungwa ambayo mnunuzi hajui kilichomo mpaka amekwisha kulipa.

Siku ya tatu ya ugeni wangu, umbu langu alikaa kuhesabu fedha za chama. Yeye ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama wanaohudhuria darsa, na mchango wao huuweka katika simu yake. Kikao kilikuwa Jumamosi. Akakuta pamepungua shilingi 4,350. Alipotazama orodha ya malipo aliona shilingi 150, tena 300, tena 150, zilizotoka kidogo kidogo kwa muda wa majuma matatu. Mvulana aliitwa, naye hakukana. Namba ya siri aliijua kwa sababu mama yake humtuma kulipia vitu vya nyumbani.

Wasomaji wangu, nilimwona umbu langu akilia kilio ambacho sikumwona akikililia hata katika msiba. Aliniambia, “Kaka, wale mama wengine huuza mboga ndio wapate cha kuniletea. Nitawatazamaje?”

Baba mtu alitaka kuchukua fimbo. Nilimwomba anipe nafasi ya kusema na mpwa wangu kwanza. Nikamuuliza kwa upole ni kitu gani hasa alichokitaka.

“Mjomba,” akasema, “wenzangu walikuwa na ngao mpya. Mimi ndiye niliyekuwa naanguka kila mara. Wakirudi kuniinua tunashindwa sote. Sikutaka kuwa mzigo.”

Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Asubuhi nikapanda matatu, nikapita Kiminini na Webuye mpaka Bungoma, ili nisikie na upande wa pili. Mkubwa wa vijana wa huko, mwenye miaka 15, aliinamisha kichwa. Alikiri kwamba alikuwa wa kwanza kununua ngao, kwa akiba yake mwenyewe, na kwamba alimwambia binamu yake kuwa asipopata ngao watatafuta mtu mwingine wa nne. “Sikujua atazitoa wapi fedha, ami,” akaniambia. Kisha akanionyesha jambo ambalo sikuliona usiku ule. Kila mzunguko ukiisha, hutokea orodha ya aliyefanya kazi nyingi na aliyeanguka mara nyingi. Chini ya orodha hiyo, karibu na jina la aliyeanguka, pana kitufe cha kuendea dukani.

Hapo ndipo nilipoielewa biashara yenyewe. Muuzaji aliacha kazi ya kumalizia mchezo, akaenda kuchuma katika mapenzi ya watoto wale. Alijua mtoto hatalipa sana kwa ajili ya ngao, bali atalipa ili asiaibike mbele ya jamaa zake. Udugu ule ulionipendeza usiku wa kwanza ulikuwa umefanywa chambo.

Niliporudi Kitale nilimkuta shemeji yangu dukani anapokea mahindi. Alikuwa na kile chombo kidogo cha kupimia unyevu. Kila gunia lililoshushwa alilichoma, akatoa punje za katikati, akazipima. Lililozidi asilimia 13.5 alilirudisha likaanikwe, hata kama punje za juu zilikuwa kavu na za kupendeza. Nikamwambia, “Shemeji, gunia la kilo 90 hulipokei bila kulipima, na mchezo wa wanao je, uliupima kwa nini?” Alicheka kidogo, kisha akanyamaza.

Twakumbuka kisa cha Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya fungu la nafaka, vidole vyake vikakuta majimaji. Mwenye mali alijitetea kwamba mvua ndiyo iliyoinyeshea. Mtume akamkemea kwa kuificha sehemu iliyolowa, akamtaka aiweke juu watu waione. Tena alikataza kuuza matunda ya mtini kabla ya kuonekana dalili ya kukomaa, kwa sababu maafa yakiyapata, mnunuzi amekwisha kutoa mali yake na hana anachokipata. Wakulima wa Trans Nzoia wayajua haya vizuri. Dalali hupita Julai, mahindi yangali mabichi shambani, akamkuta mkulima ana karo ya kulipa, wakauziana kwa kubahatisha. Inapofika Novemba, mmoja wao hujuta.

Lakini dini yetu haikufunga mlango wa kulipia kitu kabla hakijakuwapo. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende za mwaka ujao au wa baada yake. Hakuwakataza. Aliwawekea masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Biashara hiyo wanavyuoni huiita salamu, na ndani yake muuzaji akishindwa kuleta alichouza, mnunuzi ana haki ya kusubiri au kudai mali yake. Tukiupima mchezo wa watoto wetu kwa mizani hiyo, twaona bei ilijulikana na ililipwa yote. Milango minane iliyobaki haikuelezwa ni ya namna gani. Na muda uliotajwa ni “karibuni”, neno ambalo halimo katika kalenda yoyote. Biashara kama hiyo ina gharari, nayo gharari imekatazwa.

Msidhani kuwa haya yameifika nyumba moja tu. Mwaka 2019 kampuni ya Electronic Arts ilitoa mchezo uitwao Anthem, uliotengenezwa na studio ya BioWare, ambao watu wanne hushirikiana kupitia intaneti. Wanunuzi wengi walilalamika kwamba ulitolewa haujaiva. Mwaka 2020 watengenezaji waliahidi kuufumua na kuusuka upya, na Februari 2021 ahadi hiyo ikafutwa. Mwaka 2025 ikatangazwa kuwa seva zake zingezimwa Januari 2026. Na bila seva mchezo huo hauchezeki. Mei 2023 ukatoka mwingine, Redfall, nao ni wa hadi watu wanne. Toleo lake la bei ya juu liliahidi mashujaa wawili wa kuongezwa baadaye. Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga studio iliyoutengeneza, Arkane Austin, mashujaa hao hawajaja. Waliolipia waliahidiwa kurejeshewa thamani ya walichokikosa, na hilo ndilo la haki.

Ama yale makasha yaliyofungwa, hukumu yake haihitaji maneno mengi. Mtu atoaye mali asijue atapata kitu cha maana au takataka, na akikosa akavutwa atoe tena, yumo katika maysiri, na Mwenyezi Mungu ameiharimisha kamari pamoja na ulevi katika Suratul Maida. Hata serikali zisizohukumu kwa sharia zetu zimeyaona haya. Mwaka 2018 tume ya kusimamia kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba makasha ya namna hiyo katika michezo mitatu yalivunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Na Desemba 2022 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ilitangaza kuwa Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, watatoa dola milioni 245 za kurejeshewa wateja. Tume ilidai kwamba vitufe vilipangwa kwa namna ya kumfanya mchezaji alipe bila kukusudia, na kwamba watoto waliweza kununua bila idhini ya wazazi. Sisi nasi Kenya tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, inayokataza muuzaji kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa.

Hata hivyo, kosa la muuzaji halimtakasi mpwa wangu. Alichukua amana ya watu. Nilimwambia hivyo wazi, naye alilia, na machozi yake nilitarajia kheri kwayo. Baba yake alilipa upungufu kabla ya Jumamosi, naye anamlipa baba yake kwa kushona magunia dukani siku zisizo za shule. Yule mkubwa wa Bungoma aliomba mwenyewe abebe nusu ya deni, akisema kwamba ulimi wake ndio ulioanza. Hilo lilinifariji kuliko yote, maana pale nje ya mchezo alirudi kumwinua mwenzake.

Umbu langu angeweza kunyamaza, kwa kuwa fedha zilikwisha kutimia. Alikataa. Alisimama mbele ya wenziwe akawaeleza yote. Walinyamaza kwa muda, kisha mama mmoja mkongwe akasema kwamba yeye pia humpa mjukuu wake namba ya siri. Kabla ya kikao kuvunjika wakaafikiana kuwa fedha za chama zikae katika laini ya peke yake, na namba yake isijulikane na mtoto yeyote.

Enyi akina mama na dada zetu, nawausia mambo machache. Namba ya siri ni ufunguo wa sanduku. Mtoto mwema asitiwe katika mtihani wa kuishika. Mkiombwa kununua mchezo, ulizeni yale ya Madina: ni kitu gani, kiasi gani, na lini? Likikosekana jibu la moja, fedha irudi mfukoni. Kaeni nyuma ya watoto wenu japo jioni moja, mtazame mpaka mzunguko uishe, muone kitufe kinachotokea mwisho. Na mtoto akikosa, mumsikilize kabla ya kumpiga. Mimi ningalikosa nusu ya habari hii lau fimbo ingalitangulia.

Watoto walimwandikia muuzaji barua kudai fedha zao, mimi nikiwasaidia kuipanga. Mpaka naandika maneno haya hawajajibiwa. Siku ya kuondoka, yule binti alinibebea mkoba mpaka stendi ya Kitale. Akaniuliza, “Mjomba, mlango wa tano utafunguliwa?” Nikamjibu kuwa ilimu ya hilo iko kwa Mola, na kwamba safari nyingine alisali swali hilo kwa muuzaji kabla hajatoa mkono wake wa Idi. Akafikiri, kisha akasema kuwa likizo ijayo wamekubaliana wale wa Bungoma waje Kitale kwa miguu yao, wajenge ngome ya magunja ya mahindi nyuma ya duka. Baba yao amewaruhusu, kwa sharti wasiyapasue magunia.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu na amana zetu, na atubarikie katika biashara zilizo wazi.

Wabillahi tawfiq.