Mali ya Mang'ola na Daftari Lake

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi watumishi wa Serikali twaijua methali hii kuliko watu wengi, maana kila siku twashika mafaili na leja, na tumeona taabu ya kukitafuta kitu kisichoandikwa. Lakini hekima hiyo twaifungia ofisini jioni, wala hatuendi nayo vijijini. Leo twapenda kuitumia kwa habari ya Mang'ola, katika Wilaya ya Karatu, kando ya Ziwa Eyasi.

Wengi waijua Mang'ola kwa vitunguu vyake, vinavyonyweshwa kwa maji ya chemchemi. Wachache wajua kuwa Wahadzabe, Wadatoga, Wairaqw na Waisanzu hukutana katika nchi hiyo, na lugha zao nne hazina ukoo mmoja. Upinde wa Mhadzabe, bangili aliyoifua mhunzi wa Kidatoga kwa makufuli mabovu, vazi la ngozi lililotariziwa shanga na mwanamke wa Kiiraqw: kila kimoja kina habari zake, na habari hizo zi katika vichwa vya wazee.

Tena iko mali iliyo chini ya ardhi. Karibu na ziwa liko pango la Mumba, ambamo watu walikaa kwa nyakati mbalimbali tangu zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Mwaka 1938 Margit Kohl-Larsen na mumewe Ludwig walichimba humo. Na vitu vingi walivyovipata vilipelekwa Ujerumani, ambako akiba yake imo katika Chuo Kikuu cha Tübingen. Mwaka 1977, na tena 1981, Michael Mehlman alichimba pale pale ili matabaka ya udongo yajulikane vizuri zaidi. Hapo pana fundisho: jiwe lisiloandikwa lilitoka tabaka gani limepoteza nusu ya maneno yake.

Basi, neno letu ni hili. Makumbusho ya watu wa Mang'ola yaanze na daftari, ndipo yafuate majengo. Nyumba nzuri iliyojaa vitu visivyo na majina ni ghala tu. Katika daftari hilo na liandikwe jina la kitu kwa lugha ya mwenyewe na kwa Kiswahili, nani alikifanya, nani alikileta na siku gani, kilitumiwaje, na kama kimetolewa kabisa au kimeazimwa tu. Na iandikwe pia kama kwa desturi ni kitu kisichopasa kuonwa na kila mtu. Nakala ya pili iwekwe Karatu, kwani mchwa hawachagui karatasi.

Huenda wengine watasema kwamba upinde ulioning'inizwa ukutani haumshibishi mtu, na kwamba mgeni anayeununua huacha fedha. Hatuwazuii watu kuuza. Twasema, katika kumi zinazouzwa, moja ibaki, pamoja na jina la aliyeifanya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda vitu vilivyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Bangili iliyofuliwa juzi haimo katika hesabu hiyo, na kama sisi hatuitunzi, hakuna wa kuulizwa.

Wengine wataogopa kwamba makumbusho huwafanya watu walio hai waonekane kama wamekwisha kufa. Hofu hiyo ina haki. Wahadzabe wapo, wanawinda, wanarina asali, na watoto wao wasoma shuleni. Kwa sababu hiyo mwenye kitu ndiye atakayekisemea, wala si mgeni wala karani. Kazi ya karani ni kuandika aliyoambiwa, na kumsomea msemaji maneno yake kabla ya kufunga daftari. Mfano tunao nchini: Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement alishirikiana na Wasukuma, na ngoma za watemi zikapata nyumba katika nchi yao wenyewe.

Na habari ya Tübingen? Wako wanaodai kila kitu kirudi mara moja. Sisi twaona jambo la kwanza ni orodha: picha na namba ya kila kitu kilichotoka Mumba, iletwe isomwe Mang'ola. Mtu asiyejua alichonacho hawezi kudai sawasawa alichochukuliwa.

Kwa hiyo twawaomba walimu, watendaji wa vijiji na maafisa utamaduni wa nchi ile, msingoje fungu la bajeti. Daftari la mistari na kalamu havihitaji kibali cha mtu. Mzee mmoja kwa juma, kitu kimoja kwa siku, na kabla ya mwaka kwisha mtakuwa na akiba ambayo mwizi hawezi kuiuza. Mzee afapo bila kuandikwa, hakuna ofisi itakayotoa nakala yake.