Umeziba Panapotoka, Panapoingia Je?

Leo nazungumzia gari. Najua kina dada wengine mmeshaanza kufungua kurasa za mitindo, lakini ngojeni kwanza, maana gari hili nusura linigombanishe na mwenzangu moja kwa moja, na chanzo chake ni matone ya maji.

Gari lenyewe ni dogo, la milango mitatu, la miaka ya tisini, limetoka Japani likiwa limeshatumika kama magari yetu mengi. Paa lake lina vipande viwili vya kuchomoa, kimoja juu ya viti vya mbele na kingine nyuma. Unafungua makomeo, unanyanyua kipande, unakilaza kwenye buti, mnakula upepo. Mume wangu aliliona kwenye yadi moja hapa Dar es Salaam mwaka 2022, akalipenda kabla hata ya kuliwasha. Usiku ule alipokuja nalo nyumbani tulizunguka mpaka Coco Beach, paa wazi, muziki juu, nikajiona niko kwenye video ya Bongo Fleva. Nisidanganye, nilifurahi.

Masika ya kwanza, furaha ikaisha.

Tone lilianza kudondoka upande wangu. Upande wa dereva mkavu kabisa! Mwenzangu anaendesha huku anapiga mluzi, mimi nimetandaza taulo mapajani kama mtu aliyetoka kuoga. Nikiingia ofisini na sketi imelowa, wenzangu wananiuliza kama nimekuja kwa boti. Nilipolalamika akapeleka gari kwa fundi mmoja mtaani, fundi akapaka silikoni kuzunguka mpira wa paa. Wiki tatu, tone likarudi. Akapaka tena, safari hii nene zaidi. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 paa la kuchomoa lilikuwa halichomoki tena, limegandishwa, na maji yanaingia vile vile. Upepo tumekosa, mvua tumebaki nayo.

Kwa wasiojua, tatizo hili si la kwetu peke yetu. Mbunifu wa magari wa Marekani, Gordon Buehrig, alipewa hataza ya paa la aina hii mwaka 1951, na mwaka 1968 Corvette zikaanza kutoka na vipande viwili vya kuchomoa. Tangu hapo wenye magari hayo, Marekani hadi Mbagala, wana kilio kimoja. Na sababu si ngumu. Ukikata tundu kwenye paa, bodi inapoteza ugumu wake, ikipita kwenye mashimo inajipinda kidogo, na kile kipande kinachezacheza juu ya mpira. Mpira wenyewe umekaa juani zaidi ya miaka ishirini. Umekauka, umelala, haurudi tena juu ukibonyezwa. Hapo maji hayahitaji mlango, yanahitaji uwazi wa unene wa kucha tu.

Sasa nije Kanga.

Mume wangu amelelewa na shangazi yake kijiji cha Kanga, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, ukishapita Kirongwe unaelekea Bweni. Wengi mnaijua Mafia ya papa potwe na wazungu wa kupiga mbizi kule Utende. Kanga ni Mafia nyingine: minazi, wavuvi, mchanga barabarani, na watu wanaokuuliza habari za nyumbani kwako mpaka unaishiwa majibu. Idi ya Aprili 2024 tuliamua kwenda na gari. Tukashuka mpaka Bungu, tukakata kwenda Nyamisati, tukavuka na kivuko hadi Kilindoni. Masika ile mliiona wenyewe, Rufiji ilivyofurika. Mimi na taulo langu tulifika tumelowa wote wawili.

Shangazi alitupokea vizuri. Idi ikapita, pilau ikaliwa. Usiku wa pili akabanwa na kifua. Ana tatizo hilo siku nyingi, lakini usiku ule alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Tukamtoa, tukamkalisha kiti cha mbele, mimi nikarukia nyuma, safari ya hospitali Kilindoni ikaanza. Mvua inanyesha, barabara inateleza, na juu ya kichwa cha mgonjwa wa kifua, tone. Tone. Tone.

Nilivua kanga yangu nikamfunika kichwa, nikanyoosha mkono kutoka nyuma nikaushikilia ule upande wa paa kwa kiganja, kama vile kiganja changu kingezuia kitu. Maji yakawa yanateremka mkononi mpaka kwapani. Shangazi hakulalamika. Alisema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hili gari lenu lina kisima?" Mume wangu hakucheka. Niliona shingo yake imekakamaa, na hakusema neno mpaka tulipofika.

Alhamdulillahi alipata matibabu, kesho yake mchana tukarudi naye. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya miaka miwili, nimeyapanga kwa herufi. Lakini tulipofika uani tulimkuta jirani yao, mzee aliyezeeka kwenye ufundi wa vyombo, ngalawa na mashua, amekuja kumjulia hali mgonjwa. Baada ya shikamoo na marahaba akaanza kulizunguka gari letu. Akagusa silikoni kwa ukucha. Akainusa.

"Hii nini?"

"Gundi ya kuziba maji, babu," mume wangu akajibu.

"Na yamezibika?"

Kimya.

"Bwana mdogo, umeziba panapotoka. Panapoingia umepaona?"

Mzee akatueleza anavyofanya yeye. Chombo kikivuja hakimbilii pale penye dimbwi, kwa sababu maji yakishaingia hutembea na mbao mpaka yapate pa kushukia. Hutafuta kwanza ufa wenyewe, ndipo atie kalafati, pamba iliyoloweshwa mafuta, akiishindilia kwa patasi na nyundo. Tena akasema mbao ina hisani, ikinywa maji huvimba ikajifunga. "Huu mpira wenu haunywi. Ukilala, umelala."

Basi tukafanya alivyosema, na hapa ndipo nataka mniangalie vizuri nyie wenye magari haya, maana ni kazi ya watu wawili na haihitaji fundi. Tulisubiri mvua ikatike. Tukakwangua silikoni yote kwa kipande cha plastiki, si kisu, kisu kinachubua rangi na kutu inaanzia hapo. Ilituchukua asubuhi nzima. Halafu mume wangu akachukua chaki ya mtoto wa shule, akaipaka juu ya mpira mzunguko mzima, akafunga paa taratibu, akafungua. Penye mbano mzuri chaki ilikuwa imehamia kwenye ukingo wa paa. Sehemu mbili chaki ilibaki vile vile ilivyopakwa, haijaguswa. Tukajaribu na noti pia: unaiweka juu ya mpira, unafunga, unaivuta. Ikikaza, sawa. Ikitoka kama unaichomoa kwenye pochi, hapo hapana mbano.

Mwisho maji. Yeye nje na ndoo na kata, mimi ndani na tochi, tumeshusha ukingo wa kitambaa cha dari. Siyo kumwaga juu kama unaosha gari, hapana. Unaanza chini ya kioo, unapanda kidogo kidogo, kila mahali unasubiri. Mzee alikaa kwenye kigogo cha mnazi akitusimamia.

"Bado," nasema.

Kata nyingine.

"Bado."

Alipofika kona ya mbele, upande wa dereva, upande wake yeye uliokuwa mkavu miaka yote ile, nikaona uzi mwembamba wa maji unapenya. Ukaingia juu ya kichwa cha dereva, ukatembea kwenye chuma chini ya dari, ukavuka gari zima, ukaja kudondoka juu ya kiti changu.

Nilicheka mpaka machozi. Hesabu yake ni rahisi mno: barabara zetu zimeinuka katikati, sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari hulalia kushoto, upande wa abiria. Maji yanaingia kwake, yanadondoka kwangu. Na fundi wetu miaka miwili amekuwa akiziba kwangu.

Mume wangu alikuja akaingia, akakaa kwenye kiti chake, akaangalia ule uzi wa maji. Sijui nini kilinifungua mdomo. Yale maneno niliyoyapanga kuhusu silikoni na taulo na kifua cha shangazi hayakutoka. Nilichosema ni hiki: "Hukuniuliza." Akaniuliza, kukuuliza nini? Nikamwambia, hela ya kiwanja.

Wapenzi wasomaji, nilikuwa sijawahi kulisema. Tulikuwa tunaweka pamoja, mwaka na nusu, kwa ajili ya kiwanja Kigamboni, na siku ile amekuja na gari niliona funguo mkononi kwake nikajua hela imekwenda wapi. Tukaenda Coco Beach, nikacheka, nikaimba. Halafu nikaanza kulalamika kuhusu tone. Kila mvua, tone. Yeye naye, masikini, akawa anaziba tone.

Alikaa kimya muda mrefu. Akasema alijua nimekasirika, ila alifikiri ni kwa sababu ya sketi. Halafu akasema aliogopa kuniuliza kwa sababu alijua nitakataa. Hilo la pili liliniuma kuliko gari, lakini angalau sasa lilikuwa mezani. Hatukulimaliza siku ile pale Kanga. Tunalo mpaka leo, tunalizungumza kidogo kidogo. Mzee kwa adabu zake alikuwa ameshaondoka kwenda kuswali.

Turudi kwenye mpira. Tuliporudi Dar mwenzangu alizunguka Gerezani akitafuta mpira wenye umbo lile lile, siyo unaofanana fanana. Hapo msidanganywe, mpira ukiwa mnene kuliko wa mwanzo paa halifungi, mwembamba haubani. Wakati wa kuuvika usiuvute ili utoshe. Ukiuvuta leo unakaa vizuri, baada ya muda unajirudi, na pale kwenye kiungo unaacha pengo. Kiungo chenyewe tulikiweka nyuma, mbali na upepo wa mbele. Makomeo nayo yalikuwa yamelegea, akayakaza upande mmoja, mwingine akaongeza kipande chembamba cha plastiki chini yake ili paa libonyee sawa. Kisha chaki tena, noti tena, kata tena.

Kwa matunzo, maji na sabuni ya kawaida, ukaushe, upake grisi ya silikoni kidogo sana. Hiyo grisi si ile gundi. Gundi inayonuka kama siki ina tindikali inayokula chuma, ndiyo maana tulikuta kutu chini yake. Msipake Vaseline wala oili ya injini, mafuta ya petroli yanauvimbisha mpira na kuulegeza. Shangazi alishauri mafuta ya nazi, nikamwitikia kwa heshima zote, lakini hayo yanakamata vumbi na yanachacha. Na wenye paa la kuteleza la umeme, kwenu mambo ni tofauti: paa lenu lina mfereji chini yake na vimipira vinavyoshusha maji kupitia nguzo za kioo. Mara nyingi mpira wenu ni mzima, vimipira ndivyo vimeziba majani na vumbi. Zibueni kabla ya kununua kitu.

Halafu kapeti, jamani. Sisi tulipolitoa, sponji ya chini ilikuwa imelowa kama imetoka kwenye beseni, na sakafu imeanza kuchubuka kwa kutu. Harufu niliyokuwa napulizia manukato miezi yote ile ilikuwa inatoka hapo.

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024 ndipo Kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Huku Dar tulipata mvua na upepo, na mchana kutwa tulikuwa tunapiga simu Kanga bila kupata. Usiku nikaamka nikakuta kitanda kitupu. Nikatoka na mwavuli, nikamkuta mwenzangu amekaa ndani ya gari, kiti changu, tochi mkononi anamulika dari. Nikaingia upande wa dereva. Tukakaa pale mvua inapiga paa, hakuna anayesema kitu, tunasubiri. Dari ilikuwa kavu.

Simu ilikuja kushika baadaye. Shangazi mzima, mabati mawili ya jikoni yameondoka na minazi imelala. Mume wangu akawa anamuuliza habari za nyumba, atatuma shilingi ngapi, fundi atapatikana. Yeye akamkata kauli.

"Ngoja kwanza. Mkeo yuko hapo? Mpe simu." Nikachukua, shikamoo shangazi. "Marahaba mwanangu. Hebu niambie wewe, kile kisima chenu kimekauka?"